Droo ya Mperani

Siku ya tatu ya majaribio, Mzee Jaku alijaza kadi ya mtu aitwaye Pweza bin Ngisi, akamwandikia watu wanane nyumbani.

"Wanane wa nini, Mzee Jaku?" Machano alimuuliza kutoka meza ya pili.

"Kwani wewe ulipomhesabu pweza mikono ulipata mingapi?"

Machano alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Katika ofisi ile ya kadi za chakula, mwaka ule wa sabini na moja, kicheko hakikuwa kitu cha kila siku. Mzee Jaku alikuwa akikitafuta kwa makusudi, kama mtu anayeokota kuni za kupikia wenzake.

Kabati la chuma lilikuwa limeletwa mwezi ule. Lilikuwa na droo sita, moja kwa kila mtaa waliouhudumia huko Ng'ambo, na ndani ya kila droo mlikuwa na safu tatu za kadi: safu ya nyumba, safu ya watu, na safu ya mgao wa mchele, unga na sukari. Kila safu ilipitishwa ufito mwembamba wa chuma ili kadi zisitoke. Kadi za kweli za wananchi zilikuwa bado kwenye masanduku ya zamani ya mbao. Ndugu Msabah, mkuu wa ofisi, alitaka kabati lijaribiwe kwanza kwa majina ya kubuni. Makarani wajaze droo, watafute majina, wapime dakika, kisha watoe kadi zote na kuanza upya, mpaka mikono izoee.

Kutoa ndiko kulikowachosha. Huwezi kutoa kadi ya nyumba ikiwa kadi za watu wake bado zimo, maana watu watabaki hawana pa kukaa. Na huwezi kutoa kadi za watu ikiwa mgao wao bado umo, maana mchele utabaki hauna mwenyewe. Basi walianza na mgao, wakaja kwenye watu, wakamalizia na nyumba, moja moja, na kila moja wakiitilia alama kwenye daftari. Siku nzima ilikwenda hivyo.

Machano ndiye aliyeipata njia ya haraka. Alichomoa fito zote tatu, akaipindua droo juu ya mkeka, akaipiga kofi mgongoni. Kadi zote zikamwagika. Kibati cha jina la mtaa kilibaki mahali pake, safu zilibaki kama zilivyo, na droo ilikuwa tupu, tayari kujazwa tena. Hapakuwa na kutangulia wala kufuata, na hapakuwa na kusoma.

"Dakika mbili!" alisema Ndugu Msabah, saa mkononi. "Basi tutafanya hivi hivi." Akaongeza amri moja. Kadi za majaribio zikishamwagwa zichomwe moto uani papo hapo, kwa sababu zilikuwa kadi zile zile zenye muhuri, na ikitoka moja tu mitaani, atapatikana mtu wa kwenda kuchukua mchele wa Pweza.

Jumatano alasiri, wenzake walipokwishaondoka, Machano aliona njia ya udongo ikipanda ukutani kuelekea kwenye sanduku la mtaa wa Mperani. Mchwa. Alifunua, akakuta pembe za kadi za chini zimeanza kuliwa. Mperani ndio mtaa wake mwenyewe. Ndiko alikokaa na mkewe Tabia, mama yake Bi Mwanapili na watoto wawili. Nyumba ya Mzee Jaku ilikuwa ya tatu kutoka yake. Droo ya sita ya kabati, iliyokuwa na kibati cha Mperani, ilikuwa bado haijaguswa na majaribio. Akazifuta kadi zote udongo kwa kitambaa, akazipanga mle ndani, nyumba mia mbili na kumi na nne, akazitia fito. Alijiambia, kesho asubuhi ntamwambia Mzee Jaku.

Nyumbani alimwambia mama yake kwanza. "Kadi yetu sasa imo kwenye chuma, mama. Mchwa hawafiki."

"Mungu akuweke, mwanangu," alisema Bi Mwanapili, akafurahi kama aliyejengewa nyumba.

~

Alfajiri ya Alkhamisi pumu ilimkamata Bi Mwanapili. Alikaa kitako kitandani, mikono imeshika magoti, akivuta pumzi moja kama anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Machano hakwenda kazini siku ile, wala ya Ijumaa.

Ijumaa baada ya sala Mzee Jaku alipiga hodi. Alileta kichupa cha mafuta ya mkaratusi, kimebaki nusu, kimezibwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, Mzee Jaku."

"Marahaba. Mgonjwa vipi?"

"Hivyo hivyo. Kalala kidogo."

Mzee Jaku alikaa kizingitini, hakutaka kuingia amwamshe mgonjwa. "Jumatatu kuna wageni wanakuja kuliangalia kabati," alisema kwa sauti ya chini. "Msabah anataka droo zote ziwe tupu, safi, waone chuma chao. Kasema wewe uje kesho umwage."

"Kesho?" Machano alitazama pazia la chumba cha mama yake.

"Usije. Ntamwaga mie. Mama hapatikani mara mbili, na droo kupindua hata mie na mgongo wangu huu naweza. Si unachomoa fito, unapindua, basi?"

"Basi. Na kofi moja."

"Kofi nalijua, nimezaa wanaume watatu."

Walicheka, kwa taratibu, wasimwamshe mama. Ndani Bi Mwanapili akakohoa, Machano akanyanyuka mbio. Aliporudi mlangoni Mzee Jaku alikuwa kashaondoka, na kile kichupa amekiegemeza ukutani mahali pasipokuwa na jua. La mchwa na la droo ya sita Machano hakulisema. Halikumjia kichwani hata mara moja, wala siku ile wala ya pili yake.

Jumamosi Mzee Jaku alipindua droo sita. Ya sita alipoikuta imejaa alistaajabu kidogo, akasema peke yake, kumbe Machano kashaijaza na hii. Akaipiga kofi mgongoni. Kadi zililala kifudifudi juu ya mkeka, zote za rangi moja. Akazibeba mpaka kwenye pipa la bati uani, akawasha, akasimama hapo mpaka zikawa majivu, kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

~

Jumatatu ilikuwa siku ya mchele kwa watu wa Mperani na wa mitaa ya jirani. Tabia alikuwa wa kumi na tano kwenye foleni, kikapu mkononi, kipande chake cha kuchukulia mgao amekifunga kwenye ncha ya kanga. Msimamizi wa duka alipitisha kidole kwenye orodha iliyotoka ofisini asubuhi ile.

"Jina halimo."

"Limo, kaka'angu. Wiki jana limo. Na kipande changu hichi hapa."

"Kipande bila ya jina kwenye orodha ni karatasi, dada. Wewe wa mtaa gani?"

"Mperani."

Akageuza ukurasa, akaugeuza tena. "Mperani yote haimo."

Waliokuwa nyuma yake wakaanza kusogea mbele. Mwanamke mmoja mnene akauliza kwa sauti, "Kwani Mperani kumehamwa?" Na mwanamume mmoja akasema, "Basi tupisheni, nyie msiokuwapo," watu wakacheka, si kwa ubaya sana, kwa njaa tu na jua.

Wanawake wa Mperani walisimama pembeni, vikapu vitupu, hawajui waende au wangoje. Tabia aliona haya kana kwamba amekamatwa anaiba. Yule mwanamke mnene alipotoka na mchele wake alipita karibu naye, akasimama kama anayefunga kanga vizuri, akamtilia vitanga viwili vya mchele kikapuni, akaenda zake bila ya kumtazama.

Kufika adhuhuri habari ilikwishaenea. Masanduku ya mbao yamefunguliwa. La Mperani tupu. Kabati limefunguliwa, tupu. Ndani ya majivu ya pipa yamepatikana mapande ya kadi yenye majina ya watu wa kweli. Watu wawili wa usalama waliovaa mashati meupe waliingia ofisini, wakauliza ni nani aliyechoma.

"Mimi," alisema Mzee Jaku.

Na ni nani aliyezitoa kwenye sanduku akazitia kwenye droo ya majaribio?

Machano, aliyekuwa amerudi kazini asubuhi ile, alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alimwona Mzee Jaku akiyageuza macho taratibu, yakamfikia, yakakaa kwake kitambo, kisha yakaondoka.

"Mimi vilevile," alisema Mzee Jaku.

Wakamchukua. Mlangoni aliomba arudi kuchukua kofia yake aliyoitundika kwenye msumari, wakamwambia hatoihitaji.

~

Siku ya Jumatano, jua limepanda, Bi Khamisa, mke wa Mzee Jaku, alikuja na kikapu cha muhogo. Macho yake yalikuwa mekundu lakini kanga ameifunga vizuri.

"Kaka yangu kauleta kutoka shamba, Tunguu," alimwambia Tabia. "Mbichi bado, una maziwa. Mchemshieni mgonjwa, unalainika."

"Na nyinyi, Bi Khamisa? Nyinyi pia kadi hamna."

"Sie tumo. Tukila leo, kesho Mungu yupo." Akamgeukia Machano. "Mwanangu, wewe unafanya kazi huko. Husikii chochote? Nimekwenda na chakula mara mbili. Mara ya kwanza wamekipokea. Jana wameniambia hapo hayupo, na alipo hawapajui."

"Sijasikia, Bi Khamisa."

"Ukisikia uniambie hata usiku. Jaku anakupenda, anakutaja kila siku. 'Machano kafanya hivi, Machano kagundua hivi.'" Akatabasamu. "Unajua tena, yeye mambo ya haraka hayawezi."

Alipoondoka, Bi Mwanapili aliita kutoka chumbani.

"Machano."

"Naam, mama."

"Jumatano ile uliniambia kadi yetu imo kwenye chuma."

Machano aliinama kuuweka sawa mto wake.

"Aliyeitia kwenye chuma ni nani?"

"Mama, nyamaza, pumzi..."

"Pumzi yangu n'achie mwenyewe. Ni nani?"

"Mimi."

Bi Mwanapili alifumba macho. Kifua chake kililia kama mlango wa zamani. Tabia alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kumenyea muhogo.

"Basi kaseme," alisema Bi Mwanapili.

"Akaseme nini, mama?" Tabia aliingia. "Akaseme achukuliwe na yeye? Tubaki na nani sie? Watoto hawa? Wewe na hali yako hiyo? Mzee Jaku keshasema ni yeye. Kwa hiari yake, hajalazimishwa."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Angelazimishwa, ningemwonea huruma. Kafanya kwa hiari, huyo nina deni naye." Akaupa uso ukuta. "Na muhogo huo sili. Mpaka mwanangu aseme, muhogo wa Khamisa haupiti kooni mwangu."

Tabia alilia jikoni, akaumenya muhogo hivyo hivyo, akawapa watoto. Bi Mwanapili alikunywa maji. Alkhamisi alikunywa maji na uji mwepesi wa vile vitanga viwili vya mchele.

~

Ijumaa asubuhi Machano aliingia chumbani kwa Ndugu Msabah bila ya kuitwa. Alisema yote akiwa amesimama: mchwa, kitambaa, droo ya sita, ugonjwa wa mama. Aliyasema upesi, kama anayepindua droo, asije akaanza kuyachagua.

Ndugu Msabah alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vidonda vya tumbo na watoto saba, na katika wiki ile moja nywele za panja zake zilikuwa zimegeuka nyeupe. Alinyanyuka akaufunga mlango.

"Umemwambia nani mwengine?"

"Mama. Na mke wangu."

"Usimwambie mwengine." Akavuta faili, akalifungua, akamwonyesha karatasi. Machano aliujua mwandiko wa Mzee Jaku, ule wa herufi zilizolala. *Nilizitoa mimi kwenye sanduku. Nilizitia mimi kwenye droo. Nilizichoma mimi. Mwengine yeyote hakujua.* Chini alikuwa ametia sahihi, na kidole gumba.

"Nakala ya hii imekwenda juu tangu Jumanne," alisema Ndugu Msabah. "Imesomwa. Sasa nikipeleka yako, watasema nini? Watasema Jaku kawadanganya. Na kwa nini mtu adanganye? Kwa sababu wako wawili. Na wakiwa wawili si kosa tena, Machano, ni njama. Unanifahamu? Atatoka kwenye kosa ambalo pengine ni miezi, atiwe kwenye jambo ambalo watu hawarudi."

"Kwa hivyo hakuna la kufanya?"

"Lilikuwepo. Jumatatu, walipouliza." Alilisema bila ya ukali, akitazama meza. "Hata mimi Jumatatu lilikuwepo la kusema. Mimi ndiye niliyeamuru zichomwe. Nilisema? Nenda kafanye kazi. Kesho tunaanza kuwaandika Mperani upya, na mwenye mwandiko mzuri ni wewe."

Bi Mwanapili alimsubiri akiwa ameegemea mto.

"Umesema?"

"Nimesema, mama."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nimechelewa."

Bi Mwanapili alinyoosha mkono, akamfuta vumbi begani ambalo halikuwepo. "Nipe kipande cha muhogo," alisema. Alikula kidogo kidogo, kwa taabu, mpaka kikaisha, kwa sababu alikuwa ameahidi. "Na Khamisa umemwambia?"

Machano alitikisa kichwa.

"Basi bado."

~

Kuandikwa upya kulifanywa kwenye baraza ya skuli, meza moja, foleni moja. Kwa kuwa ofisi iliogopa vipande vya uongo, vipande vya zamani havikupokewa. Kila mwenye nyumba alitakiwa aje na mashahidi wawili wa kusema kwamba yeye yupo, kwamba nyumba yake ipo, na kwamba watoto wake ni wake. Wazee waliozaliwa Mperani waliapa kwamba wanakaa Mperani. Ami mmoja aliyekuwa kipofu aliulizwa kama anawaona mashahidi wake, karani wa pili akacheka, kisha akaona haya. Amri ilikuwa moja tu: anaandikwa aliyepo. Aliyesafiri, aliye hospitali, aliyechukuliwa, haandikwi mpaka arudi.

Bi Khamisa alifika mezani karibu na saa sita. Mashahidi wake walikuwa Tabia na jirani mwengine.

"Shikamoo, Bi Khamisa."

"Marahaba, mwanangu. Mama vipi?"

"Hajambo kidogo." Machano alichovya kalamu. Ndugu Msabah alikuwa upande wa pili wa baraza, amewapa mgongo. Tabia alikuwa hapo, akimtazama mumewe kwa macho ya kumwomba anyamaze. Foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani. Hapakuwa mahali pa kusema jambo lolote, na Machano alijua kwamba akisubiri mahali, hatosema tena.

"Bi Khamisa," alisema kwa sauti ya chini, "kadi zile nilizitia mimi kwenye droo. Si Mzee Jaku. Niliziona zinaliwa na mchwa, nikazihamisha, nikasahau kumwambia. Alipoulizwa kasema ni yeye. Na mimi nilikuwepo. Nimesimama pale pale, nikanyamaza."

Bi Khamisa alikuwa ameweka mkono wake mezani. Aliutazama mkono ule, kana kwamba ni wa mtu mwengine na mwenyewe atakuja kuuchukua. Nyuma mtu mmoja akapaza sauti, "Jamani, jua hilo!"

"Nilikwenda kusema jana," Machano aliendelea. "Nikaambiwa nikisema sasa namzamisha."

"Andika," alisema Bi Khamisa.

"Bi Khamisa, mimi..."

"Andika, Machano. Watu wamesimama nyuma yangu na watoto mgongoni."

Akaandika. Nyumba. Mtaa. Jina la mwenye nyumba. Hapo Bi Khamisa alilitaja jina lake mwenyewe, polepole, kwa kuwa hajawahi kulitaja mahali hapo. Ikabaki idadi ya watu.

"Wangapi nyumbani?"

"Wewe unatujua," alisema. "Tuhesabu."

Walikuwa watano. Machano aliandika watano. Aliandika wazi, kwa wino, akapuliza ukauke. Ndugu Msabah alikuwa amegeuka na kuja kusimama nyuma yake. Aliinama, akaitazama kadi kwa muda, akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Hakumgombeza. Alikata ile namba kwa mstari mmoja mwembamba, mwembamba kadiri alivyoweza, akaandika juu yake nne.

Bi Khamisa alikichukua kipande chake kipya, akakifunga kwenye ncha ya kanga, akafunga fundo la pili. Akaondoka. Tabia alimfuata hatua tatu nne, kisha akasimama, akarudi nyumbani kwa njia nyengine.

~

Wiki ya pili Mperani walipata mchele. Mzee Jaku hakurudi, wala wiki ile, wala mwezi ule. Kofia yake ilibaki kwenye msumari ofisini. Kila asubuhi Machano aliipangusa vumbi kabla wenzake hawajafika, kwa kitambaa kile kile alichofutia kadi. Kabati lilisifiwa na wageni. Njia ya kumwaga droo kwa dakika mbili ilifundishwa katika ofisi nyengine.

Pumu ya Bi Mwanapili ilizidi. Uji ulikuwa haupiti, wali haupiti. Ulipita muhogo uliochemshwa mpaka ukavurugika, na muhogo sokoni ulikuwa haupatikani. Tabia hakuthubutu kwenda nyumba ya tatu kuomba. Machano naye alikuwa akitoka, anafika nusu ya njia, anarudi.

Ijumaa moja asubuhi kulisikika kitu kikiwekwa nje. Machano alifungua mlango. Kikapu cha muhogo kilikuwa kizingitini, mbichi bado, umefunikwa kwa jani la mgomba usipigwe jua. Alitazama juu ya njia, akatazama chini. Bi Khamisa alikwishafika kwake. Aliuona upindo wa kanga yake ukiingia ndani, na mlango ukifungwa.

"Nani, Machano?" Bi Mwanapili aliuliza kutoka kitandani.

"Bi Khamisa, mama. Kakuletea muhogo."

Bi Mwanapili alisikiliza, kichwa amekiinua kidogo kwenye mto, akingoja sauti ya mgeni, akingoja kuulizwa hali.

"Mbona hakupiga hodi?" alisema.